Muulize Baharia: Siku moja Lübeck, na mama hali nguruwe

*Shikamoo Mjomba. Ninasomea uuguzi Hamburg, mwaka wa pili sasa. Mama anakuja kunitembelea mwezi wa kumi, na hiyo itakuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Zamu zangu zimebana, nimepata Jumamosi moja tu ya kumtembeza. Sitaki kumpeleka madukani, nataka aone mji wa kale. Wenzangu darasani wananiambia nimpeleke Lübeck. Nina wasiwasi wa mambo mawili. Goti lake la kulia ni bovu, na hali kitu asichokiamini. Akisikia harufu ya soseji tu anafunga mkoba anadai ameshiba. Hivi mji wa Kijerumani una chakula gani cha mtu kama yeye, mbali na chipsi?*
— Msomaji, Hamburg

Marahaba, mwanangu. Wenzako hawajakudanganya. Mimi Lübeck niliingilia mlango wa nyuma, yaani bandarini. Miaka ya themanini nilikuwa mpishi kwenye meli iliyoleta karatasi kutoka Ufini, marobota mazito yanayotosha kumponda mtu. Tukishafunga gati nilikuwa na saa sita hivi za kuzurura kabla ya kurudi kuinjika sufuria za jioni. Enzi hizo mpaka wa Ujerumani Mashariki ulikuwa pembeni kabisa mwa mji, ukitembea kidogo tu unakutana na waya. Baadaye nimerudi mara mbili kama abiria, nikiwa na goti bovu kama la mama yako. Na nguruwe simli. Kwa hiyo swali lako umelileta penyewe.

Tuanze na goti. Mji wa kale wa Lübeck ni kisiwa, umezungukwa na mto Trave, mto Wakenitz na mfereji. Urefu wake ni kama kilomita mbili, kwa hiyo hampotei na wala hamhitaji gari. Tatizo ni kwamba katikati pameinuka kama mgongo wa ng'ombe, na mitaa inateremka pande zote mbili kuelekea majini, mingine ikiwa ya mawe ya mviringo yanayoteleza mvua ikinyesha. Dawa yake ni kupanda mara moja tu, asubuhi, goti likiwa bado jipya, halafu siku nzima mkawa mnashuka. Mama avae viatu vya soli nene, na umtafutie koti la kuzuia upepo. Oktoba upepo wa bahari ya Baltiki hauna adabu.

Treni ya kawaida kutoka Hamburg inachukua kama dakika arobaini na tano. Ukishuka stesheni ya Lübeck, tembea taratibu dakika kumi hivi. Utavuka daraja lenye masanamu. Moja ni la Merkur, mungu wa biashara wa Warumi, amesimama makalio wazi. Mwonyeshe mama kitu kingine upande wa pili.

Mbele yenu litatokea Holstentor, lango la matofali mekundu lenye minara miwili minene, lililojengwa kati ya 1464 na 1478. Picha mpige, lakini msimalizie muda hapo. Geukeni kulia mtazame maghala sita yaliyosimama ukingoni mwa mto, yenye vipaa vilivyochongoka kama ngazi. Watalii wengi wanayapita wakidhani ni nyumba za kawaida. Hayo ni maghala ya chumvi, na ukiyaelewa hayo umeuelewa mji mzima.

Mambo yalikuwa hivi. Kusini mwa Lübeck kuna mji wa Lüneburg, ambako walichemsha maji ya chumvi yatokayo ardhini. Kaskazini, kwenye pwani ya Skåne, ambayo leo ni Uswidi, kulikuwa na samaki wadogo waitwao heringi, kila mwaka msimu wao ukifika wanajaa nyavu hadi zinataka kukatika. Enzi hizo sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa ya Kikatoliki na ilikuwa na siku chungu nzima za kufunga nyama. Watu walitaka samaki, na samaki wa mafuta kama yule asipotiwa chumvi mapema anaoza. Lübeck ilikaa katikati. Chumvi ikapanda kaskazini, samaki wa mapipa wakashuka kusini, na wafanyabiashara wa Lübeck wakakata chao pande zote mbili. Mwaka 1398 wakakamilisha mfereji wa Stecknitz ili chumvi ije kwa mashua badala ya mikokoteni. Mji huo ukawa kichwa cha Hansa, umoja wa miji ya biashara ya bahari hizo. Makanisa yote yenye minara mirefu utakayoyaona yalitokana na heringi, na mama akishalijua hilo hatomdharau heringi wa ndani ya mkate nitakayewashauri mle mchana.

Kutoka maghalani pandeni hadi kanisa la St. Petri. Msiogope, kuna lifti. Inawapeleka jukwaani kama mita hamsini juu, na mji wote unakuwa mkekani kwenu: mapaa mekundu, maji pande zote, na siku ikiwa safi hata bahari mnaiona kwa mbali. Mimi huwa napenda kupanda pale kwanza kabla ya kitu kingine, ni tabia ya melini. Huingii bandari usiyoitazama ramani yake.

Kutoka hapo mko karibu na soko na ukumbi wa mji, ule wenye matofali meusi yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Tazameni ukuta mrefu wa juu, una matundu makubwa ya duara. Waliyaacha upepo upite, ukuta usije ukaangushwa. Ndani, ukibahatika kuingia na mwongozaji, kwenye chumba cha zamani cha mahakama kuna milango miwili ya kutokea. Aliyeachiwa huru alipita kwenye mrefu, aliyehukumiwa alitoka kwenye mfupi akiwa ameinamisha kichwa.

Nyuma yake kuna kanisa la Marienkirche. Mama yako ni Mwislamu na huenda atasita kuingia kanisani. Mwambie kwamba Mjomba naye alisita, akaingia, na hakujuta. Dari lake la matofali liko mita 38.5 juu, na hakuna la matofali duniani linalolizidi. Lakini si dari nililotaka mlione. Nendeni chini ya mnara wa kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1942, ndege za Waingereza ziliushambulia mji, sehemu kama ya tano ya mji wa kale ikateketea, na kanisa hili likaungua. Kengele za mnara huo zikaanguka kutoka juu. Moja imepasuka vipande, nyingine imejikunja pembeni mwake kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na sakafu ya mawe imebomoka chini yake. Hawakuziondoa. Ziko pale pale zilipoangukia, nyuma ya uzio wa chuma. Nimeona watu wanaongea kwa sauti kanisani mle kwenye kila pembe, ila wakifika pale wananyamaza wenyewe.

Nje, pembeni ya ukuta, kuna shetani mdogo wa shaba ameketi juu ya jiwe. Wanasema alisaidia kujenga akidhani ni baa. Msimpite, watoto hupanda mapajani mwake na mama atacheka.

Sasa tule.

Nikupe kisa kwanza. Mara yangu ya kwanza kula mjini humo niliingia mkahawa mmoja karibu na mto, jina lake tuliache. Nikaagiza Scholle, samaki bapa wa jamii ya gayogayo, macho yote upande mmoja. Nilijua nimeshapona: samaki ni samaki. Akaletwa ameifunika sahani nzima, mkia unaning'inia, ngozi imekauka rangi ya dhahabu. Juu yake wamemwagia vipande vidogo vya kahawia vinavyometameta. Nikasema moyoni, vitunguu vya kukaanga, hawa watu kumbe wanajua kupika. Nikatia kimoja mdomoni. Kikavunjika kwa mlio, halafu kikaachia mafuta yenye harufu ya moshi. Mimi nimekaanga vitunguu maisha yangu yote, na kitunguu hakiachii mafuta namna ile. Nikakitema kwenye kitambaa, nikamwita mhudumu, nikamwonyesha kwa kidole. Akafurahi kweli kweli. "Speck!" akaniambia, akidhani namsifia mpishi.

Speck ni mafuta ya nguruwe yenye nyama kidogo, yaliyotiwa chumvi na kufukizwa moshi. Hapo ndipo mtego ulipo, mwanangu. Soseji hazimdanganyi mtu, zinaonekana toka mbali. Nguruwe wa pwani ya kaskazini anajificha juu ya samaki na ndani ya viazi. Ukiona kwenye orodha ya vyakula samaki ameandikwa "Finkenwerder Art", jua amekuja na Speck. Viazi vya kukaanga, Bratkartoffeln, mara nyingi vinakuja nayo pia, au vimekaangwa kwa Schmalz, ambayo ni mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa. Wewe Kijerumani unakijua, kwa hiyo usione haya. Sema "ohne Speck" kabla hajaandika, halafu uliza viazi vimekaangwa kwa mafuta gani. Kama anababaika, chukua Salzkartoffeln, viazi vya kuchemsha, huwa havina hila. Na samaki wa kuchovya kwenye unga, Backfisch, uliza kama unga umekorogwa kwa bia. Wengine hufanya hivyo ili uwe mwepesi.

Lakini kwa mchana wa mama mimi nisingempeleka mkahawani. Ningemnunulia mkate wa samaki, Fischbrötchen. Ni mkate mdogo wenye gamba gumu, umepasuliwa, ndani kuna heringi na vitunguu vibichi vya duara. Kuna aina mbili anazopaswa kuzijua. Bismarckhering amelowekwa kwenye siki, mkali, unamsikia puani. Matjes amekaa kwenye chumvi hadi akaiva bila moto, laini kama siagi. Mama akisikia "bila moto" atakunja uso, kwa hiyo mwanzishie na Bismarck. Siki ataielewa. Mtu aliyekua na achari mezani hawezi kumkataa samaki yule.

Kuna chakula kingine watakachowasifia, Labskaus, hasa kwenye nyumba ya Schiffergesellschaft, chama cha manahodha, iliyojengwa 1535. Nyumba yenyewe ingieni hata kwa chai tu, kama kuna nafasi. Meli ndogo za mbao zinaning'inia darini, na mabenchi marefu yamechongwa nembo, nami kila nikikaa pale najiona nimerudi messi ya melini. Labskaus ni nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyopondwa pamoja na viazi na kiazisukari chekundu, juu yake yai la kukaanga, pembeni heringi na tango la siki. Inafanana na kitu ambacho mwingine ameshakitafuna, na wazee wanasema ndiyo sababu ilibuniwa: mabaharia wa zamani meno yaliwatoka kwa kukosa mboga. Mimi nimeipika na huwa naipenda. Ila nyama hiyo haikuchinjwa anavyotaka mama, kwa hiyo mwonyeshe tu kwenye sahani ya jirani.

Baada ya chakula mteremkie upande wa kaskazini hadi Heiligen-Geist-Hospital. Hapa ni kwa ajili yako, muuguzi. Wafanyabiashara waliijenga 1286 kwa ajili ya wazee na wagonjwa maskini. Ukipita kanisa dogo la mbele unaingia ukumbi mrefu wenye vijumba vya mbao vimepangwa mistari, kila kimoja kina mlango wake na kinatosha kitanda na mtu mmoja. Vijumba vilitengenezwa 1820, na wazee waliishi humo hadi 1970. Fikiria hilo: 1970! Kabla ya vijumba walilala wote wazi kwenye ukumbi mmoja. Kaeni mle kidogo, pana mabenchi, na goti litapumzika. Mimi nilisimama kwenye kimoja nikapima kwa mikono, nikakuta ni kikubwa kidogo kuliko kebini yangu ya melini.

Mkitoka, tafuteni vichochoro. Wenyewe wanaita Gänge. Zamani watu walipozidi na ardhi ikaisha, matajiri walitoboa tundu kwenye nyumba ya mbele na kujenga vijumba vya wafanyakazi uani. Vimebaki kama tisini. Mtaa wa Engelsgrube unavyo vingi, na jina hilo halihusiani na malaika kama wengi wanavyotafsiri, lilitokana na Uingereza, ambako meli za hapo zilielekea. Unainama, unapita gizani hatua kumi, mara unatokea kwenye ua wenye mawaridi na baiskeli, na bibi ananing'iniza nguo. Watu wanaishi humo, kwa hiyo piteni kimya, msichungulie madirishani. Wenyeji husimulia kwamba upana wa chini kabisa ulikuwa ule wa kupitisha jeneza.

Makumbusho ya Hansa, yaliyofunguliwa 2015, yako hapo karibu na ni mazuri sana, ila yanahitaji saa tatu na miguu ya mtu mwingine. Yaacheni. Saa tisa Wajerumani wote wanakunywa kahawa na keki, nanyi mnapaswa kuwa mmeketi Niederegger, mkabala na ukumbi wa mji, mbele ya keki ya hazelnut iliyofunikwa kwa marzipan, yaani donge la lozi na sukari. Hapo juu kuna chumba chenye watu kumi na wawili wa kimo cha binadamu, wote wa marzipan. Baada ya keki, kama mama bado ana nguvu, pandeni treni hadi Travemünde, hazifiki dakika thelathini. Meli za kwenda Uswidi na Ufini zinapita karibu na njia ya miguu kiasi kwamba unasoma majina yaliyoandikwa ubavuni. Ng'ambo imefungwa Passat, meli ya matanga ya milingoti minne iliyoundwa 1911. Mshike mama mkono, na mkate wa samaki ushikwe kwa mikono miwili. Shakwe wa pale walinipora nusu ya wangu mbele ya nahodha wangu.

*Mjomba, jirani ameniletea marzipan ya Lübeck. Nimeionja, nikaona ni lozi na sukari tu. Mbona wanaitukuza hivyo? Na ni kweli waliibuni wakati wa njaa?*
— Msomaji, Mombasa

Umeonja sawasawa, ni lozi na sukari. Utukufu uko kwenye kipimo. Jina la marzipan ya Lübeck linalindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya, na watengenezaji wake wamejiwekea sharti: donge la lozi lisipungue asilimia 70, sukari ya kuongeza isizidi 30. Ile ya daraja la juu ni 90 kwa 10. Ukikutana na ya bei ya kutupa ambayo inakwaruza koo kwa utamu, hiyo imejazwa sukari. Na kama imeandikwa Persipan, si lozi kabisa, ni kokwa za aprikoti.

Kisa cha njaa wanakisimulia kwa mwaka 1407: ngano imekwisha, ghalani zimebaki lozi, waokaji wakafanya mkate wa lozi. Mimi kama mpishi sikiamini. Lozi hazioti kule, zililetwa kwa meli kutoka kusini na sukari ilikuwa ghali kama dawa, na kweli waliouza marzipan mwanzoni walikuwa wauza dawa. Kitu chenyewe kilipanda Ulaya kutoka nchi za Kiarabu kupitia Mediterania. Ndiyo maana ukifumba macho unasikia maji ya waridi kwa mbali, na unajua umeshakutana nacho. Ilikuja kuwa ya mtu wa kawaida karne ya 19, Wajerumani walipopata sukari ya viazisukari. Kabla ya kumpa mzee wako kipande, soma nyuma ya pakiti. Nyingine zimetiwa pombe, tafuta neno Alkohol, Rum au Likör.

*Nimeona picha ya lile lango la Lübeck. Limepinda kweli au ni kamera?*
— Msomaji, Morogoro

Limepinda. Chini ni kinamasi, mnara wa kusini ukaanza kuzama tangu wanajenga, na matundu ya chini kabisa ya mizinga leo yako kama nusu mita ndani ya ardhi. Mwaka 1863 nusu ya wajumbe wa baraza la mji walitaka libomolewe, likaponea kwa kura moja. Baadaye wakalitia kwenye noti ya Mark hamsini, pesa ya Ujerumani ya zamani. Nilikuwa nayo noti hiyo siku moja, nimesimama mbele ya lango lenyewe, nikamnyooshea muuza samaki. Alilitazama lango, akaitazama noti, akaniambia hana chenji.